Bi Antonia wa Londri na Jumatatu Yetu

Tarehe 30 Juni 2025, Bi Antonia Gwandu anastaafu baada ya kuitumikia Loji ya Ukingo kwa miaka ishirini na saba, yote katika londri. Aliajiriwa mwaka 1998 akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, wakati loji ilikuwa na vyumba kumi na viwili. Anaiacha ikiwa na vyumba arobaini na nane na uwanja wa gofu wa mashimo tisa. Amefikisha miaka sitini, sheria inamtaka apumzike, na mwenyewe anasema mgongo wake uliitangulia sheria.

Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi na, kama walivyosema, "Josephati unajua kuandika." Nilikubali kwa sharti kwamba sitaandika jinsi wastaafu wanavyoandikwa siku hizi: mchapakazi, mcheshi, mnyenyekevu, kana kwamba mtu ameshafukiwa. Bi Antonia yu hai na ana nguvu. Na kwa miaka kumi na moja nimemwonea wivu. Afadhali mlisome hilo hapa kuliko kulisikia kwa Kakuta wa getini, ambaye hulisimulia vizuri kuliko mimi.

Kazi yake kwanza. Wageni hushuka kutoka kreta ya Ngorongoro wakiwa wekundu kama matofali, na nguo zao huwa zimeshiba vumbi. Mwaka 1998 Bi Antonia alizifua kwa mikono, akazipiga pasi ya mkaa, na asubuhi zilikuwa mlangoni zimekunjwa. Mwaka 2009 alifanywa msimamizi wa londri. Zilipokuja mashine, mafundi walishauri kamba za kuanikia ziondolewe. Alikataa. Alisema jua la Karatu halikatiki kama umeme wa Karatu, na mwezi uliofuata, umeme ulipopotea kwa siku nne, loji hii peke yake ilikuwa na mashuka makavu katika barabara yote ya kwenda geti la Ngorongoro. Kamba hizo ziko pale hadi leo. Zikumbukeni, kwa maana ndizo zilizomfundisha gofu.

Loji ina utaratibu ambao wote tunaujua: kitu alichosahau mgeni huandikwa kwenye daftari, na kisipoulizwa ndani ya miezi sita hupewa aliyekiokota. Watu wamejipatia viatu, darubini, hata redio. Mwaka 2003 Bi Antonia alijipatia fimbo moja ya gofu, ile yenye uso mpana uliolala, ya kuinua mpira. Ilikuwa na kutu. Jikoni walicheka hadi chai ikapoa.

"Mama Thomasi, utachungia kuku?" aliuliza mpishi.

"Nitachungia wewe," alijibu, akaondoka nayo.

Mipira hakuikosa, maana mifuko ya suruali za wageni ilikuwa imejaa. Ikawa kila siku, kwenye chai ya saa nne, wenzake wakikaa na vikombe, yeye hutoka nyuma ya londri na mipira ishirini. Dakika kumi tu, wala hakuwahi kuzidisha, kwa sababu pasi zilimngoja.

Hapa naomba wasiocheza gofu wanivumilie aya moja. Watu hushangilia mpigo mrefu, ule unaopaa juu ya mibuni ukapotea machoni. Mimi mwenyewe naweza kuupeleka mpira mita mia mbili na zaidi, na sijivuni kwa kusema hivyo, kwa kuwa hakuna kitu kisicho na faida kama hicho. Mchezo huamuliwa katika hatua arobaini za mwisho, kuzunguka grini, yaani yale majani yaliyonyolewa kuzunguka shimo. Mtu hufika hapo kwa mapigo mawili ya kifahari, kisha huhitaji matano ya aibu kuutia mpira shimoni. Mtu huyo ni mimi. Bi Antonia alianzia pale ambapo sisi wengine tunaharibikia, na hakutoka hapo.

Nyuma ya londri hakukuwa na nafasi ila upande wa pili wa kamba za mashuka. Kwa hiyo ilibidi mpira upite juu ya kamba na ushuke taratibu kabla ya ua wa michongoma. Mpira uliopita chini uligonga shuka na kuacha doa jekundu, na shuka hilo alilifua upya yeye mwenyewe, si msaidizi wake, kabla ya kwenda nyumbani. Mwaka wa kwanza, ananiambia, alifua mashuka mengi kuliko wageni waliolala. Mwaka wa pili alifua machache. Mwaka wa nne halikuchafuka hata moja. Nimesoma vitabu vingi vya mchezo huu na kutazama video zisizohesabika. Hakuna mwalimu niliyemkuta mwenye adhabu ya haki kama ile.

Kisha akatandika foronya kuukuu chini na kuweka beseni hatua kadhaa mbele yake. Mpira ulitakiwa kuangukia foronya, halafu ubingirike wenyewe mpaka kwenye beseni. "Usiangalie beseni," huwaambia wanaojifunza kwake. "Beseni halikimbii. Angalia unapoangushia." Umbali aliupima mwilini: fimbo ikirudi hadi gotini, mpira huenda hatua kumi, hadi kiunoni, ishirini, hadi kifuani, thelathini na tano. Uzito aliuweka mguu wa kushoto tangu mwanzo hadi mwisho, na viganja vyake vilitulia kama vya mtu anayesukuma pasi kwenye kola ya shati. Alihesabu kimoyomoyo kwa Kiiraqw, wak, tsar, tam, na akikosa mmoja katika kumi alianza upya.

Wapo wanaosema Bi Antonia ana kipaji. Nalikataa neno hilo na niko tayari kubishana na yeyote, leo ukumbini au kesho njiani. Kipaji ni neno la kumdhulumu mtu jasho lake. Chukueni mipira ishirini kwa siku, siku sita kwa wiki, kuanzia 2003 hadi 2014, muone mtafika wapi: ni zaidi ya mipira sitini elfu. Anayeita hiyo kipaji anatafuta sababu ya kubaki amekaa na kikombe chake. Nasema kwa uhakika, kwa sababu nami nilikuwa nimekaa na kikombe changu, na nililitumia neno hilo.

Sasa nifike kwenye Jumatatu.

Waajiriwa wapya hudhani Jumatatu kuanzia saa nane mchana, uwanja unapokuwa wetu, ni desturi iliyoanza na loji. Hapana. Miaka ile mfanyakazi aliingia uwanjani kukata majani au kubeba mifuko ya wageni, basi. Nilipokuwa katibu niliona hilo ni tusi, na nikalipigania kwa miaka minne. Niliandika barua tisa. Zilikuwa barua nzuri, zenye vifungu vya sheria, hoja na mifano ya nchi nyingine. Meneja wetu, Bwana Modest, alizijibu zote tisa kwa sentensi ileile: wafanyakazi watachimba nyasi.

Mwezi Novemba 2014, kwenye kikao cha wafanyakazi wote, niliisoma barua ya kumi kwa sauti. Bwana Modest alichoka. "Katibu, maneno yako yamenitosha," alisema. "Njooni grini ya tisa. Nitaweka mipira mitano sehemu tano. Mtu atakayeitia yote, kila mmoja kwa mapigo mawili, bila kuacha kovu kwenye nyasi, nitampa Jumatatu. Leteni watu wawili. Wakishindwa, jambo hili lisirudi mezani maadamu niko hapa."

Wa kwanza nilikuwa mimi, bila shaka. Nani mwingine? Nilikuwa nimenunua seti nzima Arusha, fimbo kumi na mbili na mfuko wake. Loji yote ilisimama kuzunguka grini. Mpira wa kwanza nilichimba chini yake, ukatoka mchanga, majani na udongo, na mpira ukabaki unanitazama. Wa pili niliupiga kichwani ukavuka grini, ukavuka watu, ukaingia kwenye mibuni.

"Katibu," alisema Kakuta, ambaye kwao ni Kakesio, umasaini, na ameshika fimbo ya kuchungia tangu anajifunza kutembea, "hapo unaweza kupanda muhogo."

Watu walicheka. Bwana Modest hakucheka, alionyesha tu lile kovu kwa kidole, akauliza kama tuna mtu wa pili.

Bi Antonia alitoka katikati ya watu akiwa na aproni na ile fimbo yake moja. Hakuna aliyemtaja. Hakuomba ruhusa kwangu. Mpira wa kwanza, kwenye majani mafupi, ulianguka hatua tatu mbele yake na kubingirika hadi umbali wa unyayo kutoka shimoni. Wa pili ulikuwa kwenye majani marefu, wa tatu kwenye mteremko, wa nne nyuma ya kichaka cha chini, na huo aliuinua kama alivyozoea kuivusha mipira juu ya mashuka. Wa tano ulikuwa ndani ya shimo la mchanga. Alipiga mchanga badala ya mpira, mpira ukatoka umekaa juu ya mchanga kama abiria, ukatua, ukasimama. Hata mapigo ya mwisho ya kuusukuma shimoni aliyapiga kwa fimbo ileile, kwa ukingo wake wa chini. Mipira mitano, mapigo kumi, na nyasi hazikujua kama alipita.

Wafanyakazi walimbeba. Wanawake wa usafi waliimba hadi jikoni. Na mimi nilisimama na fimbo zangu kumi na mbili, nikifikiria miaka minne na barua kumi. Sikufurahi. Naomba msamaha wa kuchelewa kwa miaka kumi na moja, lakini sikufurahi. Haki niliyoidai kwa hoja ilikuwa imepatikana kwa aproni, na jina lililoimbwa halikuwa langu.

Wivu huo ndio uliotugharimu. Bwana Modest, naye akiwa na uchungu wake, alisema: "Sawa, Jumatatu mmepata. Lakini nampa huyu mama, siwapi ninyi. Siku akiondoka kazini, ameondoka nayo." Nilikuwa ndiye mwandishi wa muhtasari. Sentensi hiyo ningeivunja kwa dakika tano, maana nimevunja ngumu zaidi. Lakini siku ile sikutaka kupigania ushindi wa mtu mwingine. Niliiandika jinsi ilivyotoka mdomoni mwake, nikaweka saini, nikaenda zangu.

Mwezi Januari mwaka huu, nilipopeleka barua ya maandalizi ya sherehe hii, Bwana Modest alifungua faili akanisogezea karatasi ile. "Katibu, muhtasari ni wako, mwandiko ni wako, saini ni yako," alisema. "Tarehe 30 Juni mama anastaafu. Tarehe 1 Julai uwanja unarudi kwa wageni."

Nilibishana naye wiki tatu. Sikuwa na pa kusimama. Mwisho alikubali jambo moja tu: tarehe 23 Juni mtihani urudiwe, mipira ileile mitano, mtu mmoja tu, jaribio moja. Akifaulu, Jumatatu iandikwe kwenye mkataba wa hali bora bila jina la mtu. Akishindwa, basi.

Nilimfuata Bi Antonia londri nikamweleza yote, pamoja na saini yangu. Alikuwa anakunja shuka. Alinipa ncha moja nishike, tukakunja wote, kisha akasema, "Nilijua, Katibu. Nilisoma muhtasari mwaka uleule."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umenuna."

Kuanzia Februari watu sita walikwenda nyuma ya londri kila chai ya saa nne. Mimi sikwenda. Niliona ni wazi kwamba atakayecheza ni mimi: ni katibu, kosa ni langu, na nina uzoefu. Mwezi wa Mei nilikwenda kumjulisha hivyo. Hakubishana. Alinisogezea mipira kumi, akaonyesha foronya na beseni. Niliingiza miwili. Mitatu iligonga mashuka.

"Mikono yako inaongea sana, Katibu," alisema, akaanua yale mashuka matatu na kunikabidhi. "Sabuni iko pale."

Kisha akamwita Anneth wa mapokezi, binti aliyeajiriwa mwaka juzi, ambaye hadi Februari hakuwa amewahi kushika fimbo ya gofu. Anneth aliingiza tisa. Wa kumi ulipogonga ukingo wa beseni na kutoka, alikusanya yote akaanza upya bila kuambiwa. Bi Antonia alimtazama jinsi ambavyo hakuwahi kunitazama mimi, na nikaondoka nikiwa nimelowa sabuni hadi viwiko, nikimwonea wivu binti wa miaka ishirini na minne.

Tarehe 23 Juni kulikuwa na ukungu, kama kawaida ya mwezi huo. Bi Antonia hakuja uwanjani. Alisema mashuka yatalowa, akabaki anaanua. Anneth alimaliza mipira minne kama mtu anayegawa funguo za vyumba. Wa tano, ule wa mchangani, ulitoka vibaya. Ulitua hatua saba kutoka shimoni, na nyasi zilikuwa zimelowa. Wapishi walikuwepo, wanawake wa usafi, madereva, Kakuta na rungu lake, na kila mmoja alijua kwamba pigo moja likikosa, Jumatatu zetu zimekwisha kwa saini yangu.

"Dada, usiangalie shimo!" mtu alipaza sauti.

Nilikuwa mimi. Nilikuwa narudia maneno ya Bi Antonia mbele ya loji nzima.

Anneth hakuangalia shimo. Aliangalia mahali fulani kushoto, ambapo mteremko unaanzia, akausukuma mpira kwa ukingo wa fimbo. Ulikwenda taratibu kiasi cha kuudhi, ukachora mstari kwenye umande, ukapinda, ukafika ukingoni, ukatumbukia.

Kelele zile zilisikika hadi barabarani. Nilikimbia londri, mimi wa miaka hamsini na mbili, ili niwe wa kwanza kumwambia. Bi Antonia alikuwa amebeba kapu kichwani.

"Ameingiza!" nilisema. "Yote mitano!"

"Ameacha kovu?"

"Hakuna."

"Basi vizuri," akasema, na kapu likaanza kutikisika, nikalipokea, kwa sababu alikuwa analia.

Bwana Modest, na hili lazima nilikiri, ametimiza neno lake. Kifungu kimeingia kwenye mkataba: Jumatatu kuanzia saa nane mchana uwanja ni wa wafanyakazi, na pia wa wastaafu wa loji hii. Hayo maneno ya mwisho niliyadai mimi, kwa sauti kubwa, kwa siku mbili, na safari hii nilisoma kila mstari kabla ya saini. Meneja naye ameongeza lake: kila Juni mtihani urudiwe na mfanyakazi mwingine ambaye hajawahi, ili ajue nyasi zake ziko salama. Ni kifungu cha ukaidi. Ningekuwa yeye ningeweka kama hicho.

Jina la mtu wa mtihani wa mwakani lilitakiwa wiki hiyohiyo. Kikao kiliamua Bi Antonia ndiye achague, kama neno lake la mwisho kazini. Watu watano waliofundishwa naye walikaa mbele, migongo imenyooka. Akawapita kwa macho, akasema, "Katibu."

Ukumbi ulilipuka. Kakuta alisema tuanze kuililia Jumatatu mapema. Mimi nilisimama kuitoa hotuba ya kukataa, na kwa mara ya kwanza tangu niwe katibu sikupata hoja. Mtu anaweza kudai haki ya wote kwa miaka mingi na bado asitake kuibeba kwa mikono yake mwenyewe. Hilo hakuna aliyenifundisha kitabuni.

Baadaye nilimuuliza kwa nini mimi. Alisema wale wengine watajifunza hata kwa Anneth, ila mimi nisiposhurutishwa sitajifunza kwa mtu yeyote. Nikauliza kama naweza kufika kwake kijijini Daa siku za Jumamosi. "Njoo," alisema. "Lakini mwezi wa kwanza hutagusa mpira. Utafua."

Bi Antonia, loji hii inakushukuru kwa miaka ishirini na saba ya mashuka meupe na kwa kila Jumatatu tuliyocheza tukidhani ilijileta yenyewe. Lala mpaka jua lipande, shamba lako la Daa likuzalie, mgongo upone, mwanao Thomasi na wajukuu wakujaze nyumba. Maisha yako na yawe mema na marefu, nasi tuwemo. Na Jumamosi nitakapobisha hodi, tafadhali sana, nisimkute Anneth ameshatangulia.